Sura ya 7: Ngumi Moja ya Posho

Ukiketi kula mchana katika hoteli ndogo karibu na soko kuu la Jinja, swali la kwanza utakaloulizwa ni la mchuzi: maharage, karanga, nyama au samaki. Chakula chenyewe kinakuja kimechanganywa. Matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, kiazi kitamu, kipande cha muhogo, pengine na boga pembeni, vyote kwenye sahani moja iliyofurika, na mchuzi kwenye bakuli dogo. Mboga za majani, zikiwapo, ni kijiko kimoja kando ya posho. Mbale utakuta vivyo hivyo, ila wali utakuwa mwingi zaidi, maana mashamba ya mpunga ya Doho, Butaleja, hayako mbali. Hivi ndivyo mtu anavyokirimiwa mashariki ya Uganda, na mjamzito hupakuliwa kuliko wote kwa sababu, wanasema, anakula kwa ajili ya wawili.

Sasa mama huyo apimwe wiki ya 26 aambiwe sukari imepanda. Neno atakalorudi nalo nyumbani ni moja: aache sukari. Ataiacha kwenye chai. Ataacha soda. Sahani ya mchana itabaki vilevile, kwa kuwa hakuna kitu kitamu juu yake, na wiki mbili baadaye kipimo kitasoma kama kilivyosoma mwanzo. Ataonekana mkaidi, naye atadhani mwili wake umeharibika. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kuwa vyakula vitano vilivyo kwenye sahani hiyo, tumboni, ni kitu kimoja: wanga, ambao ukisagwa na kumeng'enywa unakuwa glukosi.

Kwanza tuone kinachotokea mwilini. Katika nusu ya pili ya ujauzito kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie insulini kama zamani. Kuna sababu njema: glukosi ikae kwenye damu ya mama muda mrefu kidogo, mtoto apate sehemu yake. Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi, hata mara mbili au tatu ya kawaida, na siku zinakwenda salama. Kongosho likishindwa kufika hapo, sukari inapanda. Mama hakurogwa, wala hakuileta kwa kupenda vitamu. Wengine huingia kwenye ujauzito wakiwa na uzito mkubwa, au wana ndugu wa damu wenye kisukari, au wamevuka miaka 35, lakini wapo wembamba na vijana ambao nao hupatwa.

Glukosi inavuka kondo. Insulini ya mama haivuki. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alijenga hoja yake juu ya jambo hilo katika miaka ya 1950, na mpaka leo ndiyo tunayoitegemea: mtoto hupokea sukari iliyozidi, kongosho lake dogo linalazimika kutoa insulini nyingi, na insulini kwa mtoto aliye tumboni ni homoni ya kukuza. Ananenepa, hasa mabega na kiwiliwili. Ndiyo maana kichwa kinaweza kutoka na mabega yakakwama. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakatika ghafla huku insulini ya mtoto ikiwa bado juu, na ndani ya saa chache sukari yake inaweza kushuka kiasi cha kumtia hatarini. Katika Busoga, upande wa Jinja, na Bugisu, upande wa Mbale, kama kwingine, mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele. Sina nia ya kuzima vigelegele vya mtu. Naomba tu kwamba mtoto mkubwa namna hiyo anyonye ndani ya saa ya kwanza, apimwe sukari, na mama yake aulizwe kama aliwahi kupimwa.

Mara nyingi hajawahi. Ugonjwa huu haupigi hodi. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo kila mara ni mambo ya kila mjamzito, kwa hiyo hakuna dalili ya kutegemea, kipimo tu. Kipimo kinachoaminika ni kunywa gramu 75 za glukosi baada ya kulala na njaa, kisha damu ipimwe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kisukari cha ujauzito kinatajwa pale sukari inapofika 5.1 (milimoli kwa lita) kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja kinatosha. Namba hizo zilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia takriban wanawake 25,000 katika nchi tisa, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo Afrika. Jambo kubwa watafiti walilolikuta ni kwamba madhara hayaanzi ghafla mahali fulani. Yanapanda taratibu pamoja na sukari, kwa hiyo kauli ya "ni kidogo tu, usijali" haina msingi.

Kipimo chenyewe ni safari. Mama anayetoka kwenye miteremko ya mlima Elgon, tuseme Bududa au Sironko, anaondoka alfajiri hajala, anapanda boda mpaka barabara kubwa, kisha teksi mpaka Mbale, na akifika anakaa saa mbili akichomwa sindano. Aje na mtu wa kumsindikiza na mayai mawili ya kuchemsha kwenye mfuko, ayale tone la mwisho la damu likishatolewa. Kuna kipimo kingine kisichohitaji njaa, kile cha kuangalia wastani wa sukari wa miezi mitatu, lakini ujauzitoni si cha kutegemea, na Busoga zaidi. Kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zikiwa na maisha mafupi jibu linapotoka. Upungufu wa damu na malaria huyafupisha au kuyavuruga. Isitoshe, uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wa Uganda wamebeba kinasaba cha selimundu, ambacho nacho huweza kuvuruga kipimo hiki, na mashariki ni miongoni mwa sehemu zilizo juu.

Baada ya habari hizo nzito, hii hapa ya kumtia mama moyo. Utafiti wa Australia wa mwaka 2005, wenye wanawake 1,000, uliwagawa wenye kisukari cha ujauzito makundi mawili: wengine walipewa ushauri wa chakula, kipimo cha nyumbani na insulini ilipohitajika, wengine waliendelea na kliniki ya kawaida. Madhara makubwa kwa watoto yalikuwa asilimia 4 katika kundi la pili na asilimia 1 katika kundi la kwanza. Shirika la Kisukari la Marekani nalo linakadiria kwamba asilimia 70 hadi 85 ya wanawake hawa wanaweza kuishika sukari kwa chakula na mazoezi pekee. Kwa wengi, basi, dawa ya kwanza inapikwa jikoni.

Na jiko la Uganda lina historia yake katika jambo hili. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona katika hospitali ya Mulago, Kampala, jinsi kisukari kilivyokuwa nadra miongoni mwa watu waliokula matoke, maharage, viazi na mboga kila siku. Mwenzake Denis Burkitt, aliyeanzia Lira kabla ya kuhamia Kampala, aliona hivyohivyo kwa magonjwa ya utumbo. Wakiwa wamerudi Uingereza walishikilia kwamba nyuzinyuzi za chakula, zile zinazotupwa nafaka inapokobolewa, ndizo zinazokosekana katika sahani za matajiri. Hoja yao ilichochea utafiti mwingi, na mwaka 1981 David Jenkins na wenzake mjini Toronto wakachapisha orodha ya kwanza ya vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari. Naieleza habari hii kwa sababu mama wa Jinja akipewa karatasi inayomwambia ale mkate wa ngano nzima, oti na tufaha, anapewa kwa gharama kubwa kile ambacho bibi yake alikuwa nacho shambani.

Lakini shamba la bibi limebadilika. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930 chini ya Muljibhai Madhvani, na miwa ya wakulima wadogo imeenea Busoga mpaka nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na maharage na mboga ya nakati. Mahindi yanakobolewa mpaka yawe meupe pe. Iganga na Mayuge, umbali mfupi kutoka Jinja, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu wa umri wa miaka 35 hadi 60 na kukuta asilimia 7.4 wana kisukari, na asilimia 8.6 wako mpakani. Hao ndio mama zetu na shangazi zetu, na binti zao ndio wanaobeba mimba sasa.

Tupakue, basi. Chukua mama wa Walukuba, Jinja, wiki ya 28, wakati wa chakula cha mchana. Achague wanga mmoja, kisha kiasi chake kiwe ngumi yake mwenyewe aliyoikunja, si ya mume. Kikiwa posho, basi ni posho tu; wali na muhogo vingoje siku nyingine. Nusu nzima ya sahani iwe mboga: nakati, dodo, sukuma wiki, kabichi, nyanya chungu, bilinganya. Sehemu inayobaki ni ya maharage, samaki, yai, nyama au karanga. Masese, kando ya ziwa, dagaa ambao Uganda wanaitwa mukene hupatikana kwa bei ya mama wa kipato kidogo, na ndio chaguo langu la kwanza. Waoshwe mchanga, wakaangwe kidogo na nyanya na kitunguu, kisha wamiminiwe uji mzito wa karanga zilizosagwa zisizotiwa sukari. Wanaliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ni kalisi kwa mtoto.

Aanze na mboga na samaki, posho ifuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari, kwa sababu tumbo linachelewa kuachia wanga. Akimaliza, atembee dakika 10 au 15, hata kama ni kuzunguka uani. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu bila kungoja insulini nyingi, na mama wa Mbale mwenye kilima mbele ya mlango hana haja ya kutafuta mazoezi kwingine.

Namna ya kupika ina uzito wake. Kiazi kitamu kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kilichochomwa kwenye majivu au kuokwa. Ndizi mbichi ya matoke ina wanga unaomeng'enywa kwa shida, na kadiri inavyoiva ndivyo wanga huo unavyogeuka sukari. Juisi si tunda: machungwa manne yakikamuliwa hupita koo moja kwa moja, ilhali chungwa moja likitafunwa linakwenda na nyuzi zake. Muwa nao ni sukari kwenye mti, zaidi ya gramu 10 katika kila gramu 100 za maji yake, na kutafuna hakuupunguzii kitu. Najua ni vigumu kulisema hili katika nchi ya miwa, ambako mjamzito hupewa kipande kila nyumba anayopita. Aupokee kwa heshima, awapelekee watoto.

Mbale kuna chakula ambacho ningependa kila kliniki ikisifu: malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yanavunwa, yanakaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa meusi, kisha yanauzwa sokoni yamefungwa mafungu. Mpishi anayaloweka, anayachemsha mpaka yalainike, anayakata na kuyapika katika karanga. Ukisikia harufu ya moshi ule hutausahau. Kwa mama mwenye kisukari, malewa ni nyuzinyuzi tele na wanga kidogo mno, na karanga inampa mafuta na protini za kumshibisha. Tatizo ni kwamba Bugisu malewa huliwa na rundo la matoke. Abadilishe tu uwiano: malewa yajaze sahani, matoke yawe ngumi.

Asubuhi ndipo penye vita. Homoni za alfajiri huufanya mwili wa mjamzito usiisikilize insulini kuliko saa nyingine yoyote, na hapo ndipo tunapompa uji mwepesi wa mahindi wenye vijiko vinne vya sukari, au chai na mandazi mawili. Uji ni unga uliosagwa laini, ukaiva kabisa, ukanywewa. Hauna kazi iliyobaki tumboni. Hata wa wimbi, pamoja na sifa zake zote, hupanda kwa kasi ukiwa mwepesi na umetiwa sukari. Mama huyu kifungua kinywa chake kiwe kidogo na kiwe na protini: mayai mawili na kiazi kimoja, au katogo ya maharage mengi na ndizi chache, na chai ya maziwa bila sukari. Anayepita asubuhi kwenye kibanda cha rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, hana haja ya kukikwepa. Aombe chapati moja badala ya mbili, mayai mawili, kabichi na nyanya kwa wingi, na nusu ya pili aile saa nne.

Maana hatakiwi kushinda njaa. Wapo wanaoogopa kipimo mpaka wanakula mara moja kwa siku, na hilo humdhuru mtoto kwa njia nyingine. Milo mitatu ya kiasi na vitafunio viwili au vitatu kati yake, karanga, yai, maziwa mala, parachichi, hiyo ndiyo ratiba inayotulia.

Ya mayai nina la kuongeza. Zamani wanawake wa Busoga na Buganda walikatazwa kuku na mayai. Mwiko umelegea, lakini katika nyumba kadhaa yai bado ni la baba au la kuuzwa. Pia sahani haipakuliwi na mjamzito kila mara. Mkunga akimaliza kufundisha, aulize swali hili:

"Nyabo, nyumbani nani anapakua?"

"Mama mkwe, musawo."

Basi somo halijaisha mpaka mama mkwe aje. Aelezwe kwa adabu kwamba mkaza mwana hakatai chakula chake kwa kiburi, na kwamba ngumi moja ya posho si dharau kwa mpishi. Mume naye, kama anarudi jioni na chupa ya soda kumpongeza mkewe, ajue ile ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Alete samaki.

Kisha kipimo cha nyumbani. Malengo ni haya: chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 saa mbili baadaye. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa, kwa sababu utomvu wa embe kwenye kidole utaifanya mashine isome sukari ya embe. Ubavu wa ncha ya kidole uchomwe, siyo katikati penye maumivu. Stripu zikiwa chache, kama zilivyo mara nyingi, azizungushe: leo asubuhi na baada ya kifungua kinywa, kesho baada ya mchana, keshokutwa baada ya usiku. Aandike namba na chakula alichokula kwenye daftari la shule. Daftari la wiki moja litamwambia zaidi ya karatasi yoyote iliyochapishwa Ulaya, kwani miili inatofautiana: kuna anayevumilia wali na kushindwa na posho, na kuna wa kinyume chake.

Wapo watakaofanya yote haya na asubuhi sukari bado ikasoma 5.8. Hiyo ni sukari inayomwagwa na ini usiku, na chakula kina uwezo mdogo juu yake. Mama asilaumiwe. Ni wakati wa vidonge vya metformini au sindano ya insulini, na insulini, kama tulivyoona, haivuki kwenda kwa mtoto. Asiye na friji aweke chupa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya chungu kidogo cha udongo, na chungu ndani ya kingine chenye mchanga wenye maji, kivulini. Chupa iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne pakiwa na baridi ya namna hiyo. Mumbwa, ule udongo wenye mitishamba wanaotumia wajawazito, hauchukui nafasi ya dawa hizi, na anayeutumia amwambie mkunga bila kuogopa.

Mbale ni mji wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, na Waislamu ni wengi huko kama walivyo Iganga na Bugembe. Ramadhani ikiingia, mjamzito ana ruhusa ya dini kula na kulipa baadaye, na mwenye kisukari ana sababu mbili za kuitumia. Najua uzito wa kula mchana katika nyumba iliyofunga. Imamu akilisema hadharani kabla ya mwezi kuandama, linakuwa jepesi. Anayesisitiza kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, aendelee kupima mchana, kwa kuwa kupima hakufunguzi, na afungue kwa tende moja na maji, uji na sambusa visiwe vya kwanza.

Kondo likitoka, kwa wengi sukari inarudi chini ndani ya siku chache, na hapo ndipo tunapowapoteza. Mama anaambiwa amepona. Lakini mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano wa karibu mara kumi kuliko wenzake wa kupata kisukari cha kudumu, kama uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020 ulivyoonyesha. Anapaswa kunywa tena zile gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha apimwe kila mwaka mmoja hadi mitatu. Kunyonyesha kunamsaidia, na ngumi ya posho isirudi kuwa mlima.

Hatokuja kwa ajili yake mwenyewe. Mama mwenye kichanga hana siku ya namna hiyo. Ila wiki ya 6 atakuja kumchanjia mtoto, na atarudi ya 10 na ya 14, na hizo ni siku ambazo hata mvua ya Elgon haimzuii. Kwa hiyo kabla hajatoka wodini, mkunga achukue kadi ya chanjo ya mtoto na aandike juu yake kwa kalamu nyekundu: chanjo ya wiki ya 6, mama aje hajala, apimwe sukari.